Bembea kubwa za ughaibuni: kazi yake, foleni yake na tiketi zake zilivyobadilika tangu enzi za mshika breki

#1 MwanaReli (Tabora)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alinijia hapa nyumbani, mtaani Ng'ambo, akiwa na karatasi ya ajira ya kwenda kufanya kazi katika bustani moja ya burudani huko Ghuba, akaniuliza swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa dakika tano: "Mjomba, kazi yenyewe hasa ni ipi?" Tulikaa mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mimi niliifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, kwenye rola-kosta, yaani ile treni ndogo inayopandishwa mlima wa chuma na kuachiwa iteremke kwa uzito wake. Kwa kuwa baba yangu alikuwa mtu wa reli hapa Tabora, mashine ile niliitazama kwa jicho la reli kuliko jicho la starehe, hivyo naomba mnivumilie, maana uzi huu utakuwa na reli nyingi.

Na hata ukiiondoa reli ya baba yangu, reli itabaki. Huko Mauch Chunk, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mwaka 1827 ilijengwa njia ya kushushia makaa ya mawe kutoka mlimani hadi mtoni. Mabehewa yaliteremka yenyewe huku mtu akishika breki, na nyumbu waliokuwa na kazi ya kuyavuta kurudi juu nao walishushwa ndani ya behewa lao, wametulia kama abiria wa daraja la kwanza. Inasimuliwa kwamba nyumbu hao wakishazoea kupanda behewa, hakuna aliyeweza tena kuwalazimisha kuteremka kwa miguu. Katika miaka ya 1870 makaa yalipata njia nyingine, na ile ya zamani ikabaki ya watalii waliolipa nauli kwa ajili ya mteremko tu. Kisha mwaka 1884 LaMarcus Thompson akafungua reli yake ya burudani Coney Island, New York, kwa senti 5 kwa safari. Mwendo wake haukuzidi sana kilomita 10 kwa saa, ambao kijana wa baiskeli wa hapa Tabora angeupita huku amebeba gunia la mkaa. Mwisho wa njia abiria walishuka, wafanyakazi wakalisukuma behewa hadi kwenye njia ya pili, abiria wakapanda tena kurudi walikotoka.

Mfanyakazi wa zama zile alikuwa na kazi ya mkono na ya jicho. Kwenye reli nyingi za aina hiyo alikuwapo mshika breki aliyesafiri na treni yenyewe, akijua ni kona ipi inataka apunguze mwendo na ni siku gani mvua imezilowesha reli. Luna Park ya Melbourne, Australia, ina reli ya mwaka 1912 ambayo mpaka leo mshika breki husimama katikati ya treni na kuiendesha hivyo. Hao waliobaki duniani ni wachache sana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nimpigie baba simu wiki yangu ya kwanza kazini. Njia ya rola-kosta ya kisasa imegawanywa vipande, na kipande kimoja hakiruhusiwi kuwa na treni mbili kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa kila kipande pana breki au mnyororo unaoweza kuizuia treni mpaka kipande cha mbele kiwe tupu. Baba alicheka sana. Alisema hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, ya kutomwachia dereva aondoke stesheni mpaka stesheni ya mbele ijibu kwamba njia iko wazi, ila kwao ilifanywa na watu wawili wanaofahamiana sauti, na kwetu ilifanywa na kompyuta kwa vitambuzi vilivyofungwa kando ya njia.

Hakucheka nilipomweleza ule mlio wa ka-ka-ka-ka unaosikika treni ikipandishwa. Watu hudhani ni mnyororo. Ni ulimi wa chuma ulio chini ya behewa, unaoruka jino hadi jino kwenye ngazi ya chuma ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Mtu wa Reli ya Kati akisikia maneno "treni kurudi nyuma" anakumbuka Igandu, Juni 2002, ambako treni ya abiria ilirudi mteremkoni ikagongana na ya mizigo na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza ulimi ule unakaguliwa mara ngapi. Nikamwambia kila asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa.

Hoja yangu ni kwamba katika muda wa miaka mia na ushee mashine imechukua kazi ya mkono, na mkono wa mfanyakazi umepewa kazi nyingine kabisa ambayo mshika breki wa Melbourne asingeitambua: kukagua mikanda, kutabasamu, na siku hizi kuwatenganisha waliolipia kupita mbele na wasiolipia. Nitaendelea, lakini karibuni.

#2 Mwisho wa Reli (Kigoma)

Mkuu MwanaReli, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi habari za huko. Uzi ni mzuri, lakini umeanza na nyumbu ukaruka pesa. Mimi nataka kujua mtu wa kawaida aliingiaje zamani na anaingiaje leo, maana kila ninapowasikia watu waliokwenda huko wakisimulia, wanasimulia foleni kuliko bembea.

#3 MwanaReli (Tabora)

Marahaba, nadhani nimekuzidi. Umegusa penyewe.

Mfano unaoeleweka zaidi ni Disneyland ya Anaheim, California, iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1955 mahali palipokuwa na mashamba ya michungwa. Siku ya ufunguzi ilikuwa vurugu: waalikwa walizidiwa na watu wenye tiketi za kughushi, lami ilikuwa bado mbichi kiasi cha kunasa visigino vya akina mama, na kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba mabomba ya kunywea maji hayakuweza kukamilishwa pamoja na vyoo, vikachaguliwa vyoo. Uamuzi wa busara, kwa maoni yangu.

Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1, na baada ya hapo ulilipia kila bembea kwa senti zake. Miezi michache baadaye vikaja vitabu vya tiketi zilizopangwa kwa herufi, A ikiwa ya vitu vidogo, na kuanzia mwaka 1959 E ikiwa ya vile vikubwa kama treni ya mlima Matterhorn iliyofunguliwa mwaka huohuo, ambayo ndiyo iliyoanza kutumia reli za mabomba ya chuma zilizoenea duniani baadaye. Familia nyingi zilirudi nyumbani na tiketi za A zisizotumika, zikakaa kwenye droo miaka. Mwaka 1982 mtindo huo uliachwa, ukalipa mara moja getini na ndani ukapanda chochote mara utakazo, mradi usimame foleni, na foleni ya zamani ilikuwa moja, ya wote.

Hapo ndipo foleni ilipoanza kuwa na maana mpya. Wakati kila bembea inalipiwa, bei ndiyo inayopunguza watu. Bei ikiondolewa, muda wako ndio unaogeuka kuwa malipo. Mwaka 1999 wakaleta FastPass, ambayo ilikuwa bure: unaingiza tiketi kwenye mashine, inakupa saa ya kurudi, unakwenda zako kula. Huduma hiyo ilifika mwisho na janga la Uviko, na mwaka 2021 ikarudi kwa jina lingine, kwenye simu, kwa kulipia. Oktoba 2024 wakaanzisha ya juu zaidi, iliyouzwa Disneyland kwa dola 400 kwa mtu kwa siku, na hiyo ni mbali na kiingilio, ambacho mwaka huohuo walitangaza kingefika dola 206 kwa siku zenye watu wengi kuliko zote.

Kwa hiyo tumezunguka mduara. Tulianza kwa kulipia kila bembea, tukalipia zote kwa pamoja, sasa tunalipia zote kwa pamoja na kisha tunazilipia tena moja moja. Sisi wa reli tunaujua mpango huu tangu utotoni: daraja la kwanza, la pili na la tatu. Tofauti ni kwamba kwenye treni ya Kigoma wa daraja la tatu hapishani kila dakika na wa daraja la kwanza wakitazamana. Kwenye foleni za huko njia mbili zinakwenda sambamba, zimetenganishwa na kamba tu, na mtoto aliyesimama dakika 90 anamwona mwenzake akipita mbio. Mtoto huyo hamuulizi mkurugenzi. Ananiuliza mimi niliyevaa sare.

#4 Mama Kiloleni (Tabora)

Mwanangu MwanaReli, nimesoma kwa makini. Nilikuwa mwalimu wa historia, kwa hiyo niruhusu niongeze mambo mawili.

La kwanza ni la hapahapa. Kwenye maonyesho ya Nane Nane ya pale Ipuli, nikiwa na watoto wadogo, kulikuwa na bembea ya viti vinavyozunguka mlingoti, iliyosukumwa na vijana wawili kwa mikono. Walikimbia wakiizungusha mpaka ikapata nguvu, kisha nao wakadandia wakininginia kwenye vyuma mpaka ipungue, halafu wakashuka kukimbia tena. Nakumbuka mmoja wao alikuwa peku na alama za nyayo zake zilikuwa zimechora mfereji wa duara kwenye udongo mwekundu. Wazazi walilipa, watoto walicheka, na vijana wale walikuwa injini, breki na wakaguzi wa tiketi kwa wakati mmoja. Nikisoma habari za kompyuta zako nawafikiria wao.

La pili ni kuhusu maneno yako kwamba foleni ya zamani ilikuwa ya wote. Ilikuwa ya wote kwa waliokubaliwa kuingia getini. Viwanja vingi vya bembea vya Marekani viliwakataza watu weusi kuingia, kwa sheria au kwa desturi. Kiwanja cha Glen Echo, Maryland, kilifungua milango kwa wote mwaka 1961 baada ya maandamano ya mwaka uliotangulia. Cha Gwynn Oak, karibu na Baltimore, kilishikilia mpaka tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile ya maandamano makubwa ya Washington ambako Martin Luther King alihutubia. Siku hiyo mtoto mweusi wa kwanza kupandishwa kwenye bembea ya farasi wa mbao alikuwa Sharon Langley, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja, baba yake akiwa amesimama pembeni akimshikilia. Bembea yenyewe baadaye ilihamishiwa Washington. Kwa hiyo ukizungumzia mabadiliko ya kutembelea mahali hapo kwa miongo, usianzie na bei. Anzia getini.

#5 MwanaReli (Tabora)

Shikamoo Mama. Nimekubali kosa langu. Niliandika "wote" kwa wepesi wa mtu aliyeingia kwa geti la wafanyakazi.

Bembea ile ya Ipuli naikumbuka pia. Sikuwahi kuwaza kwamba wale vijana walikuwa washika breki.

#6 Fundi wa Cheyo (Tabora)

Naomba nichangie upande wa breki, kwa sababu ndio niliousomea na ndio watu wengi wanaouogopa bila sababu, na kutouogopa mahali panapostahili.

Breki za zamani za rola-kosta zilikuwa ubao au chuma kinachobana chini ya treni, na mtu kwenye jukwaa alivuta wenzo mrefu kuliko yeye. Akisinzia, au ubao ukilowa, treni ilipitiliza. Siku hizi kwenye mashine nyingi treni ina bapa la shaba au aluminiamu linalopita kati ya safu mbili za sumaku za kudumu. Metali hizo hazivutwi na sumaku, lakini bapa linapokatiza kwa kasi kati ya sumaku, ndani yake huzaliwa mikondo ya umeme inayopingana na mwendo wenyewe, na kadiri linavyokwenda kasi ndivyo linavyozuiwa kwa nguvu. Hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika, na umeme wa mtaa mzima ukikatika breki inafanya kazi vilevile, jambo ambalo mkazi wa Tabora atalithamini kuliko mtu wa Ulaya. Udhaifu wake ni mmoja: nguvu hiyo inapungua treni inapopunguza mwendo, kwa hiyo breki ya sumaku pekee haiwezi kuisimamisha treni kabisa kwenye mteremko. Lazima iwepo ya kubana mwishoni.

Sasa kuhusu vile vipande vya njia alivyoeleza MwanaReli. Tarehe 2 Juni 2015 katika bustani ya Alton Towers, Uingereza, kompyuta ya rola-kosta iitwayo Smiler ilisimamisha treni iliyojaa watu kwa sababu ilitambua kwamba mbele kuna treni nyingine. Ilikuwa sahihi: treni tupu ya majaribio ilikuwa imekwama njiani. Mafundi hawakuiona, wakadhani kompyuta imekosea, wakaipuuza amri yake na kuiachia treni yenye watu. Watu kadhaa waliumia vibaya na vijana wawili wakapoteza mguu mmoja mmoja. Mwaka uliofuata mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5, kwa sababu utaratibu wa kuwaongoza mafundi wale ulikuwa na kasoro. Haikuridhika na kumtupia lawama aliyebonyeza kitufe.

Ninachojifunza hapo kama fundi ni kwamba mashine ilipomnyang'anya mtu kazi ya kila siku, ilimwachia kazi ya nadra, ile ya kuamua siku mambo yanapoharibika. Kazi ya nadra ni ngumu kuliko ya kila siku, maana huna mazoezi nayo.

#7 MwanaReli (Tabora)

Fundi, umesema kitu ambacho sikuweza kukisema kwa miaka minne.

Kwetu, treni ilipokuwa tayari kuondoka, mimi niliyekagua upande wa kushoto na mwenzangu wa kulia tulinyoosha vidole gumba juu, aliye kwenye kibanda akajibu kwa kidole gumba, kisha yeye na mmoja wetu tukabonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja. Mmoja akiachia, treni haiondoki. Kila kiti nilikivutia chuma chake juu, nikakisukuma chini, nikahamia kinachofuata, viti kumi na viwili kwa upande wangu, treni baada ya treni. Baada ya mwezi mikono inafanya yenyewe na akili inakwenda sokoni. Hapo ndipo hatari ilipo, na msimamizi wetu alilijua hilo, kwa hiyo alitubadilisha kituo kila baada ya muda mfupi: jukwaani, kwenye kupima urefu wa watoto, kwenye foleni, kwenye mizigo, kisha jukwaani tena. Mzunguko ule uliniudhi mwanzoni. Sasa naona ulikuwa wa busara kuliko mambo mengine yote ya pale.

#8 Binti wa Gungu (Kigoma)

Kaka MwanaReli, asante kwa elimu. Mimi nina swali la upande wa pili. Nimesikia kwamba huko mfanyakazi anapangiwa hata nywele, na kwamba wale wanaovaa mavazi makubwa ya wanyama wanazimia kwa joto. Mpwa wako ameelezwa hayo?

#9 MwanaReli (Tabora)

Dada yangu, hayo ndiyo yaliyotupotezea chai.

Disneyland tangu mwanzo ilijenga mtindo wa kumwita mfanyakazi mwigizaji. Eneo la wageni linaitwa jukwaa, nyuma yake ni nyuma ya jukwaa, na sare ni vazi la maonyesho. Mwaka uleule wa 1955 wakaanza kuwa na chuo chao cha ndani cha kufundishia mtindo huo. Ukishakubali kuwa wewe ni mwigizaji, inakuwa vigumu kulalamika kwamba unaambiwa ufananeje. Wanaume hawakuruhusiwa masharubu mpaka mwaka 2000, ndevu mpaka 2012, na michoro ya mwilini inayoonekana mpaka 2021. Walipofungua bustani yao karibu na Paris mwaka 1992, Wafaransa waliyapokea masharti hayo ya mwonekano kwa hasira, wakiona mwajiri ameingia bafuni kwao, na wageni nao wakashangaa kunyimwa divai na chakula chao. Divai iliruhusiwa mwaka uliofuata.

Bustani nyingine duniani ziliiga mtindo huo, nasi tuliupata kwa kopi ya kopi. Tulifundishwa kunyoosha mkono mzima tunapomwelekeza mgeni, kwa sababu kidole kimoja kwa baadhi ya watu ni tusi. Hilo sikulipinga hata kidogo, kwa kuwa bibi yangu alinifundisha hivyohivyo bila mshahara. Lililonichosha ni tabasamu la muda wa saa nane. Usidhani ni dogo. Msiba ulinikuta nikiwa kule, nikapewa siku moja, na siku iliyofuata nikasimama jukwaani nikiwatakia watu safari njema kwa uso uleule wa jana.

Kuhusu wavaaji wa mavazi makubwa, joto ni la kweli. Kwetu walitoka nje kwa dakika chache tu wakati wa kiangazi, kila mmoja akiwa na mwongozaji pembeni kwa sababu kuona kwao ni kupitia tundu dogo, na wakirudi ndani ungekamua maji kwenye fulana zao. Jambo la kutia moyo ni kwamba mwezi Mei 2024 wavaaji na waigizaji wa gwaride la burudani wa Disneyland walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, 953 wakikubali na 258 wakikataa. Wengi wa wenzao wa idara nyingine walikuwa na vyama miaka mingi kabla. Mwaka 1984 waligoma kwa siku 22. Sisi wa mikataba ya Ghuba hatukuwa na kitu cha namna hiyo. Wakala aliyenipeleka alinitajia mshahara mmoja nikiwa Dar es Salaam na nikakuta mwingine nilipofika, na pasipoti yangu ikakaa kwenye kabati la ofisi kwa miezi saba. Hayo nimemweleza mpwa wangu kabla sijamwambia habari za sumaku na minyororo.

#10 Mwisho wa Reli (Kigoma)

Mkuu, nakubaliana nawe kwa mengi, ila niruhusu kuuliza la mwisho, na wa Tabora msinicheke. Ikiwa vitu hivi vina asili ya reli, na reli ya kisasa imepangwa kufika kwetu Kigoma, kwa nini tusifikirie kuwa na bustani yetu kando ya ziwa? Tuna ufukwe, tuna migebuka ya kuwauzia wageni, tuna Ujiji na kumbukumbu za Livingstone. Dar es Salaam wana viwanja vya maji Kunduchi. Sisi tuna Tanganyika nzima tunaiangalia tu.

#11 Mama Kiloleni (Tabora)

Wazo lako lina babu zake, mwanangu, na jina lako linalifaa. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za tramu za Marekani ziliona mabehewa yao yakijaa siku za kazi na kwenda matupu wikiendi, ilhali umeme waliulipia kwa mkupuo. Wakajenga viwanja vya bembea mwisho wa njia zao, ili watu wawe na sababu ya kusafiri Jumapili mpaka mwisho wa reli. Kennywood ya karibu na Pittsburgh ilianzishwa hivyo mwaka 1898 na ipo hadi leo. Vingi vya aina hiyo vilikufa magari binafsi yalipoenea na uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1930. Disneyland ilijengwa kando ya barabara kuu, na uwanja wake wa kuegesha magari ulikuwa mkubwa ajabu.

Lakini angalia pia Afrika Kusini. Gold Reef City ya Johannesburg, iliyofunguliwa mwaka 1987 juu ya mgodi wa dhahabu wa zamani, ingali hai. Ratanga Junction ya Cape Town ilifunguliwa mwaka 1998 ikafungwa 2018. Miji yote miwili ina watu wengi na wenye fedha kuliko Kigoma na Tabora kwa pamoja, na bado mmoja ulishindwa.

#12 MwanaReli (Tabora)

Mimi naunga mkono tahadhari ya Mama. Anayeona rola-kosta huona chuma kilichosimama, haoni watu wa usiku. Kwetu geti lilipofungwa mafundi waliingia na taa za kichwani, wakatembea njia nzima kwa miguu wakigonga nati kwa nyundo ndogo na kusikiliza mlio, kama walivyofanya magangi wa reli yetu. Kijana wa Kigoma anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana. Swali ni nani atakayemlipa mwezi wa Februari, mvua inanyesha na hakuna mgeni, kwa sababu nati hazijui msimu. Ningeanza na bembea ya farasi wa mbao, yenye mafundi seremala wa hapahapa, niitunze miaka mitano bila ajali, ndipo nizungumze habari za kupanda mlima.

Halafu, kwa watu wa Kigoma wanaopenda kujigamba kwa reli: treni inayozunguka Disneyland tangu 1955 inapita kwenye reli zenye upana wa milimita 914. Ya kwetu ina milimita 1,000. Tumewazidi.

#13 Binti wa Gungu (Kigoma)

Na mpwa wako je, anakwenda?

#14 MwanaReli (Tabora)

Anakwenda. Mkataba tumeusoma mara tatu, mshahara umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na kipengele cha pasipoti kinasema atakaa nayo mwenyewe. Nakala nimebaki nayo mimi na nyingine anayo mama yake. Nafasi aliyopewa ni ya foleni, kusoma simu za waliolipia njia ya haraka, kwa hiyo yeye ndiye atakayekuwa anaulizwa na yule mtoto wa dakika 90. Hata hivyo huko watu huhamishwa vituo, na siku wakimpeleka jukwaani sitaki akafundishwe na mtu mwenye haraka. Jana jioni nilimkalisha mdogo wake kwenye kiti cha plastiki hapa uani, nikamfunga mkanda wangu wa suruali kiunoni, nikamwambia dada mtu avute juu, asukume chini, ahamie upande wa pili, kisha anyooshe kidole gumba. Kidole gumba alikisahau mara tatu. Leo jioni tunarudia.